Fuga Kamba wa Maji Baridi Likoni kwa Mitungi 150 Tu

Anza na maji. Kamba wa Naivasha, yule mwekundu mwenye magando, anataka maji baridi, na wewe unakaa Likoni, ambako mfereji hukoroma wiki nzima kabla haujatema. Kisima cha uani kina chumvi ya kutosha kuungia mchuzi. Basi utanunua kwa mkokoteni: bwawa la mita tatu kwa mbili, kina nusu mita, linameza mitungi 150 ya lita ishirini. Majirani wakikuona unaimwaga shimoni nao wamepanga foleni, waambie ni mradi endelevu. Vaa na fulana ya semina.

Mbegu ifuate Naivasha. Asili yao ni Louisiana, Marekani. Walitiwa ziwani mwaka 1970, na miaka michache baadaye wakawa wanauzwa Ulaya kwa pesa nzuri. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wameshafyeka mayungiyungi. Hilo usilitie kwenye ombi la ufadhili. Andika "hula chochote", chini ya gharama nafuu. Kibali cha kumhamisha mnyama mgeni nacho kinatakiwa. Nenda ofisini umeshiba.

Chakula hakisumbui: majani, ugali uliolala, matumbo ya samaki. Vikikosekana watakulana. Kamba akivua gamba hulegea kwa muda, na mwenzake hangoji akazike. Asubuhi ukikuta wamepungua usimshuku mwizi, mtafute aliyenenepa.

Kisha kuta, tena imara. Kamba huyu anachimba, na usiku wa mvua hutoka akatembea nchi kavu.

"Baba Salim! Njoo umtoe nge wako kwenye beseni langu!"

"Si nge, mamangu, ni kamba."

"Kamba wa wapi anayenitolea magando?"

Mpe wawili akaonje. Atawarudisha.

Soko ni hoteli za Diani, ambako mpishi atakuuliza akufanyie nini na kambakoche wa baharini anao. Na hatakosekana mjuaji wa kukuambia ufuge kaa koko, mzaliwa wa mikoko ya Mikindani na Junda, anayeletewa maji na bahari mara mbili kwa siku, bure. Mpuuze huyo. Mnyama asiyehitaji hata mtungi mmoja, bajeti yake utaijaza nini?