Futi Kamba Shingoni

Nilizaliwa Lamu, katika nyumba ambayo vazi la mwanamume lilikuwa ni kanzu, na kanzu, kwa insafu yake, haimuulizi mtu habari za tumbo lake; humteremkia kutoka mabegani hadi karibu na vifundo vya miguu, ikamsitiri mnene na mwembamba bila ya kumtangazia hisabu yake. Kwa hivyo, riziki iliponitoa pwani ikanitua Matasia, katika barabara itokayo Ngong kwenda Kiserian, nikaajiriwa katika duka la suti za kiume, niliingia kazini na futi kamba shingoni na ujinga kichwani, na wateja waliuona ujinga kabla hawajaiona futi kamba.

Tajiri wangu alinifunza elimu yote ya suti kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Namba iliyoandikwa ndani ya koti, alisema, ni mzunguko wa kifua kwa inchi, na suruali iliyofuatana nalo aghalabu huwa pungufu kwa inchi 6 kiunoni: koti la 42, suruali 36. Nikayahifadhi hayo kama mtoto wa chuoni ahifadhivyo Juzuu Amma. Sikujua kwamba walioiweka kanuni hiyo, huko viwandani kwao, hawakupata kukaa Kiserian siku ya Jumapili mbele ya sinia la nyama choma. Maana wateja wetu wengi, madalali wa viwanja, wakandarasi na wazee wa kanisa, walikuwa wamekwisha kuzijaza zile inchi 6 zamani, na baadhi yao wameongeza na za jirani.

Bwana mmoja aliingia na mkewe, akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa, kuwa kiuno chake ni 36 tangu alipomaliza shule. Nikampima, na kwa kuwa nilidhani kwamba muuzaji mwaminifu hafichi kitu, nikanadi kama mnada wa samaki: “Arubaini na nne, bwana!” Mkewe alicheka mpaka akajishikiza kwenye meza. Bwana mwenyewe aliitazama futi kamba yangu kwa huruma, akasema ni kuukuu, imerudi. Wakanunua jozi moja ya soksi, wakaenda zao.

Jioni ile tajiri alinionyesha siri ambayo ingalifaa kutangulia chai: kwamba mshono wa nyuma wa suruali nzuri hufichiwa akiba ya kitambaa, fundi akiufungua hupatikana kama inchi 2, na mteja huambiwa tu kuwa itarekebishwa kidogo imkae. Tangu siku hiyo namba naziandika katika kikaratasi, nakikunja, nampa fundi kwa siri kama hirizi.

(Zipo shida zisizotibika kwa kufungua mshono. Spika Moses Wetang'ula alipopiga marufuku suti za Kaunda bungeni, mwezi wa Novemba 2023, mtu mmoja mwenye nia ya ubunge, aliyekwisha kushonewa tatu, alikuja kuuliza kama shingo zake zaweza kukatwa ili tai ipate pa kukaa. Tulimpa kiti na maji.)

Lakini aliyenisomesha hasa ni mzee mmoja wa Kimaasai aliyeingia asubuhi ya Julai, msimu ambao upepo wa vilima vya Ngong hupenya hadi kwenye bitana. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee,” nikainama kwa taadhima; naye, kama ilivyo desturi ya wazee wa kwao kwa aliye mdogo, akaniwekea kiganja utosini. Mimi, ambaye siku hizo sikuona kiungo cha mwanadamu ila nikafikiria kipimo chake, nilidhani ananikadiria kofia, nikamjibu: “Yangu ishirini na mbili, mzee.”

Alitaka koti la kuvaa siku ya kupokea wakwe. Nikamvua shuka, nikampima, nikamvisha la 42, likamkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Akalivua, akajifunga shuka lake, akalivaa tena juu yake. Likamkamata makwapani, mikono ikasimama kando kama ya mtu abebaye ndoo mbili. “Kijana,” akasema, “umenipima mimi. Pima na shuka.” Tukaishia 46.

Ndipo nikaharibu. Niliiona lebo ya kitambaa juu ya pindo la mkono wa kushoto, na kwa kuwa nilikwisha kufunzwa kwamba lebo ile hutolewa kabla ya koti kuvaliwa, nikatwaa mkasi, nikaikata. Mzee akatazama mkono wake kama aliyeibiwa ng'ombe mchana kweupe.

“Sasa wakwe watajuaje kwamba ni jipya?”

Nilifungua kinywa nimweleze desturi za mavazi, kisha nikazikumbuka harusi za Lamu, na jinsi tulivyokuwa tukigeuza vichwa huku na huku ili kila mtu azione kofia zetu za vito, zilizoshonwa miezi kwa miezi, nikafumba kinywa. Nikaiokota lebo sakafuni, nikatafuta sindano nyembamba, nikaishona upya kwa mishono midogo midogo, ile ambayo mama yangu alikuwa akishonea vito. Mzee alinisimamia. Nilipokaribia kumaliza, akauliza kama naweza kuihamishia mkono wa kulia, kwa sababu huo ndio anaoinulia fimbo anapozungumza.