Muulizeni Shangazi: Chaki Mkono Huu, Helmeti Mkono Ule

Barua za wiki hii zote zinanuka chaki.

*Shikamoo Shangazi. Nafundisha shule ya msingi hapa Kintinku, jioni naendesha bodaboda. Wazazi wakipanda hawalipi, wanasema, "Mwalimu, tutaonana kikao cha wazazi." Juzi mwalimu mkuu kanikodi kwenda Manyoni, njia nzima ananiuliza andalio la somo liko wapi. Nifanyeje? Mwalimu wa Helmeti.*

Marahaba, mwanangu. Huyo mwalimu mkuu, nauli alilipa? Mbona hukusema?

Aibu usiione. Nyerere alifundisha Pugu huku akiongoza TANU, kazi ya pembeni yenye abiria wengi kuliko wako. Mwaka 1955 alitakiwa achague moja, akaacha ualimu, ila jina la Mwalimu akaondoka nalo. Wewe hujaambiwa uchague, umeulizwa andalio tu. Lionyeshe. Na mzazi anayetaka kubebwa bure kwa kuwa unamfundisha mwanawe, mpe helmeti aivae vizuri, afunge mkanda, kisha atembee.

Lakini nikuulize na mimi: pikipiki umenunua kwa hela gani? Maana kama ni ya wale wakopeshaji wa kausha damu, wanaobaki na kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, basi ualimu wako ndiyo kazi ya pembeni. Ajira yako ya kudumu ni kumlisha mkopeshaji.

*Shangazi, nina miaka 43 na shahada ya uhasibu. Nilikuwa mtunza stoo kambi ya ujenzi wa reli ya kisasa, mkataba umeisha. Nimeamua niwe mwalimu. Naona walimu wa huku Kintinku wana majaruba ya mpunga, wana kuku, na likizo Juni na Desemba. Nimechelewa? Mhasibu.*

Mhasibu mzima unaniuliza hesabu! Matangazo ya ajira serikalini yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Kustaafu kwa lazima ni 60, na pensheni ya PSSSF inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Toa mwenyewe. Umebakiwa na miaka miwili, na humo humo ukasome Stashahada ya Uzamili ya Elimu, kwa mfano pale Chuo Kikuu Huria, kwa sababu shahada yako si ya ualimu. Ukimaliza, jiunge na foleni ya usaili. Utawakuta vijana waliohitimu ualimu tangu 2015, wengine siku hizi ndio wanaoendesha bodaboda bila hata darasa la kurudia asubuhi.

Sikukatishi tamaa. Mtaala mpya umeifanya Elimu ya Biashara somo la lazima sekondari, na mtu aliyehesabu mifuko ya saruji akaona inavyopungua usiku ana mengi ya kuwafundisha watoto. Shule binafsi nazo hazikuulizi miaka kwa ukali huo. Ila hilo la likizo lifute. Mvua ya huku bondeni inaanza Desemba, na kupandikiza kunakukuta Januari, Februari, shule zimeshafunguliwa, una madaftari ya kusahihisha kuliko miche. Mpunga ukianza kuiva wanakuja kwelea kwelea, nao hawafuati ratiba ya vipindi. Mwalimu unayemwona na jaruba zuri, ama ana mke hodari au ana vibarua.

Na hao vibarua ndio wa barua ya mwisho.

*Shangazi, mwanangu wa darasa la tano karudi na tope mpaka magotini. Anasema walikuwa na kipindi cha Sayansi kwenye jaruba la mwalimu. Mama Tope.*

Mama, mwalimu kulima si kosa, mshahara tunaujua. Auze barafu, afuge, aendeshe. Mwanafunzi ndiye hatakiwi kuwa mtaji, awe jarubani au kwenye twisheni ya lazima anayotozwa na mwalimu yule yule aliyemficha somo asubuhi.

Nenda shuleni, na usipige kelele. Uliza kibarua wa kupandikiza Kintinku analipwa ngapi, zidisha kwa idadi ya darasa, umpelekee mwalimu bili. Akicheka, ipeleke kamati ya shule. Kamati ikinyamaza, kwa Afisa Elimu Kata. Ukiambiwa afisa naye yuko jarubani, niandikie haraka, maana hapo tutakuwa tumemjua mwenye shamba.