Kihamba cha Pasua

Kwa desturi ya Wachaga, kihamba cha wazazi, yaani shamba linalozunguka nyumba yao, humwendea mtoto wa kiume wa mwisho. Wa kwanza hutafutiwa chake. Wa katikati hujitafutia, ndiyo maana Moshi mjini, Arusha na Kariakoo kumejaa wana wa katikati wenye maduka. Binti hayumo kwenye hesabu. Ataolewa, atalima cha kwao mume. Mama alikuwa binti wa Shimbwe, kule Uru, mlimani Kilimanjaro, akaolewa na mtoto wa katikati. Kwa hiyo tulikulia Pasua, sehemu ya chini ya mji wa Moshi, kwenye joto, baba akifanya kazi kiwanda cha sukari cha TPC.

Wenzake mama walipopata viwanja Pasua walipanda maua. Mama alikuwa akipanda Shimbwe na kushuka na kihamba, kidogo kidogo. Safari hii machipukizi ya migomba ya mshare kwenye gunia, safari ile magimbi, mara miche ya kahawa ambayo joto la Pasua liliimaliza kabla ya masika. Miche ya isale aliipanda kuzunguka kiwanja chote, maana kwao isale ndiyo mpaka. Mpima ardhi alipokuja kutafuta bikoni zake, mama alimwonyesha isale. Wakabishana mpaka mchana. Mpima alikuwa na ramani. Mama alikuwa na isale, na pia alikuwa na mtori jikoni. Mpima akala, akaondoka, akarudi siku nyingine mama akiwa sokoni.

Kihamba chenyewe ni kitu cha akili sana. Juu kuna miringaringa inayotoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na ardhini magimbi na maharage. Ng'ombe hatoki nje. Analetewa majani na vigogo vya mgomba zizini, na samadi yake inarudi kwenye mgomba. Maji yanashuka kwa mfongo, yaani mfereji, kutoka mtoni, kila nyumba kwa zamu yake. Mwaka 2011 shirika la FAO liliutambua mfumo huo wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia nzima. Nilipompelekea mama habari hiyo aliuliza kama hao FAO wamewahi kubeba majani.

Lilikuwa swali la haki. Wanawake wa mlimani walishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, wakapandisha mzigo kichwani, na mama alianza kazi hiyo kabla hajamaliza shule ya msingi. Kahawa ilikuwa ya babu. Yeye ndiye aliyeipeleka chama cha msingi na yeye ndiye aliyepokea malipo yaliyopitia KNCU, kile chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933 na kilichosomesha nusu ya wazee wanaotusumbua leo kwenye vikao. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mwanamke. Mama aliielewa hesabu hiyo mapema: kahawa hulipwa kwa msimu, maziwa hulipwa asubuhi.

Ndipo akaja Sukari. Alikuwa mtamba ambaye mama alipewa na shangazi yake kwa masharti ya zamani ya mlimani, kwamba maziwa na samadi ni vya mfugaji, ndama wa kwanza anarudi kwa mwenye ng'ombe. Alifika Pasua kwa pikapu ya kukodi, usiku, baba akiwa zamu. Baba alirudi alfajiri akasikia mtu anapumua kwa nguvu nyuma ya ukuta wa jikoni, akachukua panga. Mama alimwambia aweke panga chini akalete molasi kutoka kiwandani. Jina likatokana na hapo.

Maji ya kuoga nayo yalichimbiwa mfongo kutoka bafuni hadi kwenye migomba, nasi watoto tukapangiwa zamu ya kuoga kwa kufuata kiu ya mgomba. Mama Zawadi, jirani yetu wa upande wa chini, alilalamika kwamba anapokea povu la sabuni mlangoni. Mama akampa zamu yake ya maji, siku ya Alhamisi, na ajabu ni kwamba Mama Zawadi alipanda mchicha.

Lakini kisa kinachosimuliwa kila Desemba ni cha posa ya dada. Washenga walikuwa wanatoka Machame, watu wa heshima, na mama alipika mbege mwenyewe: ndizi mbivu zikachemshwa na kuachwa zichachuke, zikachujwa, akachanganya na uji wa kimea cha ulezi, gome la msesewe likatia uchungu. Pipa likawekwa uani, na beseni la machicha likawekwa kando yake. Washenga wakakaa sebuleni. Mshenga mkuu alikuwa amefika kwenye maneno ya "tumeona ua kwenye bustani yenu" pale tuliposikia kamba inakatika.

Sukari alimaliza machicha, kisha akatia mdomo kwenye pipa. Alipotosheka akaingia ndani kwa mlango wa uani, akapita ukumbini akiegemea ukuta, akafika sebuleni na povu puani, akawatazama wageni, akachukua kitambaa cha kochi na kuanza kukitafuna. Halafu miguu ikamwisha nguvu. Akalala kati ya kabati la vyombo na mshenga mkuu.

Baba alitaka kumpiga. Mama akasema, "Baba Eliya, usimguse, ana mimba." Akakaa chini kwa gauni lake la kitenge jipya, akamshika kichwa, akaanza kuongea naye Kichaga. Washenga wakatazamana, wakavua makoti. Wote walikuwa wamekulia zizini, na kumtoa ng'ombe mlevi kwenye ukumbi mwembamba kulihitaji mmoja mkiani, wawili ubavuni na mmoja wa kutoa maagizo. Hakuna aliyekosa cha kufanya. Mshenga mkuu aliagiza.

Sukari alipofika uani, mama alichuma jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea mshenga kwa mikono miwili. Kwa Mchaga ombi la msamaha likija na isale halikataliwi. Mzee akalipokea, akasema, "Mama, sisi tulikuja kuahidi ng'ombe. Hatukujua ninyi mnaye anayekunywa." Dada akaolewa.

Baba alitangulia. Mama alipofariki tulimzika Kibosho, kihambani kwa ukoo wa baba. Baada ya matanga kikaitwa kikao, na baba mkubwa akauliza, kama mtu anayejua jibu, ni nani anashika kiwanja cha Pasua. Mdogo wangu, kitinda mimba, akaanza kujiweka sawa kwenye kiti. Mama mdogo akatoa bahasha. Ndani kulikuwa na hati yenye majina yetu wanne, mabinti wakitangulia. Baba mkubwa akasoma, akaomba miwani, akasoma tena.

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Mama aliisikia habari hiyo redioni akiwa anakamua, akamaliza kukamua, akaenda ofisi ya ardhi. Wewe mwenye kihamba na mabinti, ofisi ya mtendaji wa kijiji hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa.