Namna ya Kuzika Kitambulisho cha Kidijitali Kisifufuke

Kitambulisho cha aina ya did:web huzaliwa kirahisi kupita kiasi. Unaandika faili moja, did.json, unaliweka kwenye folda ya .well-known ndani ya seva yako, kazi imekwisha. Hakuna foleni, hakuna fomu ya kugongwa muhuri, hakuna picha nne za pasipoti. Ndani ya faili mna jina la kitambulisho, ufunguo wako wa umma na pengine anwani za huduma unazotumia. Anayekutana na did:web:example.com, programu yake inakwenda yenyewe hadi https://example.com/.well-known/did.json, inausoma ufunguo huo, na tangu hapo inaiamini kila saini inayolingana nao.

Kufa ndiko kwenye kazi. Kiwango cha vitambulisho hivi, kilichoidhinishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, Julai 2022, kinataka kila aina ieleze jinsi inavyozimwa, au iseme wazi kwamba haizimiki. Waandishi wa did:web walitimiza sharti hilo kwa maneno machache sana: faili liondolewe, au lisipatikane tena hadharani. Mimi nasema hayo ni nusu ya mazishi. Maiti imetolewa nyumbani, na hakuna jirani aliyeambiwa kuna msiba. Anayekuulizia anajibiwa kwa msimbo 404, maana yake hakuna kitu hapa. Umefariki? Umehama? Fundi amekosea njia alipokuwa anahamisha tovuti? Msimbo huo hausemi.

Kwa hiyo tuanze na mirathi, kabla hata ya kugusa seva. Andika kila mahali kitambulisho hicho kinapotumika. Kama ni cha kuingilia kwenye akaunti zako tu, hamisha akaunti zinazohamishika, na zisizohamishika ujue mapema kwamba unaziaga. Mtandao wa kijamii wa Bluesky, kwa mfano, unaikubali did:web, lakini akaunti iliyofunguliwa kwa kitambulisho kimoja haibadilishiwi kingine.

Jambo ni zito zaidi pale ulipotoa vyeti. Chukua chuo kidogo cha ufundi kinachowapa wahitimu vyeti vya kidijitali. Kila cheti kimetiwa saini, na saini hiyo inahakikiwa kwa ufunguo uliomo ndani ya did.json ya chuo. Siku chuo kitakapolifuta faili hilo, binti aliyesoma miaka miwili na kumaliza ada atasimama mbele ya mwajiri akiwa na cheti ambacho hakuna programu inayoweza kukithibitisha. Kosa lake ni lipi? Hana. Ndiyo maana nasisitiza: wahitimu wapewe kwanza vyeti vipya chini ya kitambulisho kipya, wapewe na muda wa kutosha kuvipokea, ndipo cha zamani kizimwe. Orodha ya vyeti vilivyobatilishwa nayo, kama iko kwenye seva hiyohiyo, isiondolewe kabla ya hapo. Na kama vyeti haviwezi kutolewa upya, basi usikizime kabisa. Liache faili mahali pake, haribu ufunguo wa siri pekee. Saini mpya hazitawezekana tena, na za zamani zitaendelea kuhakikika.

Mirathi ikishagawanywa, tangaza msiba: waandikie wote wanaokitegemea kitambulisho hicho. Siku chache kabla, punguza muda ambao nakala za faili huruhusiwa kukaa kwenye seva za watu wengine: kwenye kichwa cha Cache-Control weka max-age=300, yaani dakika tano. Kisha badilisha did.json yenyewe. Toa funguo zote, toa huduma zote, ubakize jina tu:

{"@context": "https://www.w3.org/ns/did/v1", "id": "did:web:example.com"}

Hiyo ni hati halali kabisa, na inasema kwa kauli ya mwenyewe kwamba hakuna ufunguo wa kuaminiwa hapa. Iache ikae mpaka wote uliowaandikia wawe wameiona. Ndipo uliondoe faili na kuiagiza seva ijibu 410 badala ya 404, kwa sababu 410 hueleza kwamba kitu kilikuwepo na kimeondolewa moja kwa moja.

Sasa hakikisha marehemu hapumui. Tumia mtandao mwingine, hata data ya simu, uandike curl -I na anwani kamili ya faili. Ukiona 200, yaani kitu kimepatikana, kuna kazi. Tovuti nyingi za siku hizi hurudisha ukurasa wa mbele kwa kila anwani zisiyoijua, kwa hiyo 200 hiyo inaweza kuwa ukurasa mtupu. Lakini inaweza pia kuwa did.json ya zamani inayotoka kwenye nakala ya msambazaji wako wa maudhui (CDN). Ingia kwenye seva uandike ls -la, kwa sababu ls peke yake haionyeshi folda inayoanza na nukta. Angalia pia programu inayopandisha tovuti kutoka kwenye hazina ya msimbo. Faili likibaki humo, kila ukirekebisha tovuti linarudi. Nakala rudufu nazo hufufua wafu hivyohivyo.

Ufunguo wa siri ufutwe kote: kwenye seva, kwenye nakala rudufu, kwenye kompyuta ya fundi aliyeacha kazi, na kwenye historia ya git, ambako faili lililofutwa leo bado linasomeka katika toleo la mwaka juzi.

Limebaki kaburi lenyewe, yaani jina la kikoa, na hapa sitaki masihara. Kikoa cha .com kikiisha muda, msajili anaweza kukuvumilia hadi siku 45. Zinafuata siku 30 za kukikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku 5, halafu kinakuwa wazi kwa yeyote. Atakayekinunua hahitaji ufunguo wako. Ataweka did.json yake, yenye ufunguo wake, kwenye anwani ileile, na did:web haina historia ya kumtofautisha na wewe. Kwa anayeanza leo, did:webvh ni bora: huweka daftari la mabadiliko yote, kuzimwa kunaandikwa humo, na jina lenyewe limefungwa na ukurasa wa kwanza wa daftari hilo, kwa hiyo mnunuzi wa kikoa hawezi kuligushi.

Kwa wewe uliye na did:web, dawa ni kulipa. Kikoa cha .com hulipiwa hadi miaka 10 kwa mkupuo mmoja. Kilipie, na kwa msajili uandikishe barua pepe isiyotegemea kikoa hichohicho, maana ukishakizima na barua pepe zake, taarifa ya kuisha muda haitakufikia.