Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Madaktari wa kujitolea wametua na masanduku ya nyuzi, na kwa wiki mbili wenyeji wanafundishwa kurekebisha midomo sungura. Mafunzo ni mazuri, sibishi. Ila muuguzi wa nusukaputi, aliyeshika somo kuliko wenzake, keshapewa cheti, keshapigwa picha na mheshimiwa, na sasa kahamishiwa zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Anapima malaria. (Hapo wageni hawamo, barua ya uhamisho ni yetu wenyewe.) Wakati huohuo COSECSA, chuo cha wapasuaji kilichoanzishwa 1999, makao yake Arusha, huwafundisha madaktari kwa miaka humohumo hospitalini mwao, bila ngoma za mapokezi uwanja wa ndege. Sijasikia mbunge akikichinjia mbuzi.