Usije Ukaingia Mkenge Katubuka: Mwongozo kwa Mtafiti wa Moshi na Mimba

Umefika Kigoma, mwisho wa reli, na begi la vipimo begani. Kwenye andiko lako umesema utachunguza jinsi uchafuzi wa mazingira unavyoathiri ujauzito na makuzi ya watoto wachanga. Hongera. Wafadhili wanaipenda mada hii, na katika kata ya Katubuka moshi haujawahi kuadimika. Maelezo yafuatayo ni ya kukusaidia usirudi Dar es Salaam na takwimu safi kuliko hewa uliyokuja kuipima.

Anza na mihuri. Kibali cha maadili kinatoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kama wewe ni raia wa nje utapitia na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kama unataka kupeleka damu au mkojo kwenye maabara ya ng'ambo, kuna mkataba wake wa kusafirisha sampuli, ambao utaukumbuka siku barafu imeshaanza kuyeyuka kwenye kasha. Halafu Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, Mganga Mkuu wa Manispaa, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Kila mmoja anataka nakala yake, na kila nakala inataka muhuri wa aliyetangulia. Usinung'unike. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ofisi yake haina hata feni, ndiye atakayekuuliza swali ambalo kamati nzima haikukuuliza: "Na majibu mtatuletea?" Utasema ndiyo. Waliokutangulia nao walisema ndiyo.

Sasa mtafute mjamzito. Hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Andiko lako linataka mimba zisizozidi wiki 12, kwa sababu katika wiki hizo viungo vya mtoto hujengeka na kondo la nyuma hujishikiza. Kisayansi uko sahihi. Ila mimba ya wiki 8 hapa anaijua mwenyewe tu, na pengine mama mkwe, aliyemwona mkwewe anakimbia harufu ya migebuka. Mimba changa haitangazwi. Macho ya watu ni mengi. Kliniki wengi wanakwenda tumbo likishajisema lenyewe. Ukimwuliza mama tarehe ya hedhi ya mwisho, atakutajia kwa adabu tarehe yoyote anayoona unaitaka. (Akikujibu "ilikuwa wiki moja kabla ya Ramadhani," shika hilo na uachane na "tarehe 15". Ramadhani ilianza lini kila mtu anajua.)

Suala hili la kuchelewa si dogo. Jaribio kubwa la aina hii, HAPIN, liliandikisha wajawazito 3,200 katika nchi za Guatemala, India, Peru na Rwanda, majirani zetu hapo. Nusu walipewa jiko la gesi na gesi ya bure, nusu wakaendelea na kuni na mkaa wao. Wakati wa kuandikishwa mimba zao zilikuwa za kati ya wiki 9 na 20. Gesi ilifanya kazi yake. Vumbi laini la moshi, lile lenye chembe zisizozidi mikromita 2.5 ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, wapikao kwa kuni walilivuta kwa kiasi cha mikrogramu 70.7 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wapikao kwa gesi 23.9. Kila mtu akasubiri watoto wanono. Majibu yakatoka mwaka 2022: watoto wa akina mama wa gesi wastani gramu 2,921, wa kuni gramu 2,898. Hiyo tofauti ni dagaa wachache wakavu, na kitakwimu ni sawa na hakuna.

Usikimbilie kusema moshi hauna neno. Wapo wanaodai gesi ilifika mimba ikiwa imeshajipanga. Wapo wanaosema 23.9 bado ni nyingi mno, maana tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka usizidi 5. Njia ya madhara yenyewe inafahamika: hewa ya kaboni monoksidi hukaa kwenye nafasi ya oksijeni katika damu, na damu ya mtoto tumboni huing'ang'ania kuliko ya mama yake. Tatizo ni kuyaona madhara hayo kwa vifaa ulivyo navyo, na hapo tunafika kwenye mizani.

Fungua kadi za kliniki uone zinavyopenda namba kamili: kilo 3, kilo 3, kilo 2.5, kilo 3.5, kilo 3. Nesi ana wazazi wanne na mikono miwili. Mizani inayosomeka kwa kuruka gramu 100 haiwezi kuona gramu 20 unazozitafuta. Tena angalia hiyo 2.5. Mpaka wa uzito pungufu ni chini ya gramu 2,500, kwa hiyo mtoto wa gramu 2,460 aliyepandishwa kwa huruma ya kalamu ametoka kwenye takwimu zako akiwa bado hajafumbua macho. Nunua mizani ya kidijitali, pima ndani ya saa 24, na ukiondoka iache wodini.

Haya, ingia jikoni. Piga hodi kwanza, na kama unajua "Mwakeye" ya Kiha itumie asubuhi. Utachekwa, lakini utapewa kigoda. Jiko ni kibanda cha nyuma ya nyumba. Bati limeshika masizi, kenchi nazo hivyo hivyo. Mafiga matatu, kuni za msimu wa mvua zinazolia maji mwishoni, na sufuria la maharage ambalo litakaa hapo hadi jua linatua. Pembeni kuna jiko la mkaa linalotakiwa kuwaka haraka, kwa sababu mtoto anataka uji. Mama anachukua kipande cha kandambili iliyokatika, anakichoma ncha, anakipachika katikati ya mkaa. Kinatiririka moto wa matone, moshi mweusi unapanda moja kwa moja usoni mwake na kwa mtoto aliye mgongoni ndani ya kanga, mkaa unashika. Dakika mbili.

Rudi kwenye dodoso lako: "Nishati kuu ya kupikia: (a) kuni (b) mkaa (c) gesi (d) umeme (e) mafuta ya taa." Kandambili iko wapi? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, jambo jema, ila viatu, chupa na vipande vya ndoo havikupigwa. Na mawese je? Hapa mawese huunguzwa kwanza mpaka wekundu upungue ndipo kitunguu kiingie, na moshi wake ukiuvuta utakohoa hata kama chini kuna gesi ya bei mbaya. Dodoso limetungwa na mtu anayekaanga kwa alizeti.

Kuhusu kifaa cha kupimia hewa. Umemvalisha mama fulana yenye pampu ndogo ya kuvuta hewa, na umemwambia akae nayo saa 24. Pampu inanguruma. Mume hajaridhika kwamba haimrekodi. Jirani anauliza kama ni ugonjwa. Kufika saa 10 jioni fulana itakuwa imetundikwa kwenye msumari chumbani, nawe utapata taarifa ya uhakika kabisa kuhusu hewa anayovuta msumari. Vifaa vya siku hizi vina kitambuzi cha mwendo ndani yake kinachoonyesha kama vimevaliwa. Kisome kabla hujashangilia hewa safi ya Katubuka.

Usisahau pia kwamba Katubuka ni bonde. Mvua zikizidi, bwawa lake hujaa na kuwafuata watu majumbani, wenye nyumba hufunga virago na kwenda kwa ndugu Gungu, Mwanga au Ujiji. Kwenye jedwali lako watasomeka kama "waliopotea". Hawajapotea, wanajulikana walipo, mwulize mjumbe. Ukiwafuta, umewafuta waliokuwa na maji machafu zaidi na kubaki na wale waliojenga juu.

Sasa damu. Umesikia habari za mumiani, na umecheka. Usicheke mbele ya bibi. Mtu anayekuja na gari, glavu na kasha la baridi, anachukua damu ya wajawazito na kutoweka nayo, hana tofauti kubwa na anayesimuliwa kwenye hadithi, isipokuwa kwamba mumiani hakuwahi kudai ana kibali. Kondo la nyuma ni gumu zaidi, kwa kuwa lina mahali pake pa kufukiwa na mtu wake wa kulifukia. Lakini linasema mengi. Dar es Salaam, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, Blair Wylie na wenzake walichunguza makondo ya wanawake waliopimwa moshi wa jikoni, wakaona dalili za damu kuganda kwenye mishipa ya upande wa mtoto zikifuatana na moshi. Hicho ni kitu ambacho mizani haionyeshi. Ukiliomba, omba kwa bibi, eleza unalipeleka wapi, na useme ukweli kama halitarudi.

Uliza pia anachokula, na usiulize kama polisi. Ule udongo unaouzwa dukani, wengine huuita pemba, mjamzito anautafuna kwa siri na atakana mbele ya mume. Geita, mtafiti Elias Nyanza wa chuo cha Bugando na wenzake waliwauliza wajawazito 340, wakachapisha mwaka 2014 kwamba karibu nusu walikula udongo, na ulipopimwa ulikuwa na aseniki na metali nyingine. Baadaye walipima zebaki na aseniki kwa wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Kanda ya Ziwa, wakafuatilia uzazi, kisha makuzi ya watoto. Kipimo cha makuzi walichotumia kilitengenezwa Malawi, kwa vitu ambavyo mtoto wa huku ameviona. Wewe umebeba sanduku la midoli kutoka Marekani. Mtoto wa miezi kumi atakuangalia wewe, ataangalia kile kidoli, atalia, nawe utaandika "amechelewa".

Na Ziwa Tanganyika uliogope kidogo, hasa uandishi wako kuhusu ziwa. Ni kweli zebaki hupanda kwenye ngazi ya kulana: dagaa hukaa chini, sangala mkubwa hukaa juu. Wajapani walilipia elimu hiyo Minamata, ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1956 na watoto wakazaliwa wameathirika na mama zao wakionekana wazima. Lakini dagaa ni samaki mdogo, haishi sana, na ndiyo nyama ya mjamzito wa Katubuka. Ukitoa kichwa cha habari "Samaki wa Tanganyika wana sumu", utafunga biashara ya akina mama wa Kibirizi kwa wiki nzima na kumwachia mjamzito mlenda.

Utatamani mkosaji. Wa Mombasa walimpata: mtaa wa Owino Uhuru ulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapo hapo. Mwanawe mchanga, aliyekuwa akinyonya, akaugua, na damu ikaonyesha madini ya risasi. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikaifuta, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kulikuwa na geti la kugonga. Moshi wa Katubuka hauna geti wala mkurugenzi, ndiyo maana ripoti humalizia kwa mpishi. Tafuta ukurasa wa mapendekezo wa ripoti yoyote: "Elimu itolewe kwa akina mama kuhusu madhara ya moshi." Mama amelia machozi ya moshi tangu akiwa binti wa miaka saba. Elimu anayo. Hana nauli ya gesi.

Serikali, kwa mkakati wake wa mwaka 2024, inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo usishangae bajeti yako ikiwa na kifungu cha kugawa mitungi ya kilo sita, pamoja na picha ya pamoja na mgeni rasmi. Gawa, ni vizuri. Ila uliza nani atajaza mwezi wa pili, maana Rwanda gesi ililetwa mlangoni bure muda wote wa jaribio, na wewe huna lori. Ukirudi baada ya mfungo kukusanya awamu ya mwisho, utakuta jiko la gesi sebuleni, linang'aa, limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake redio. Nyuma ya nyumba maharage yanachemka. Msaidizi wako, aliyechoka na jua, atakuwa ameshatia vema kwenye (c). Mnyang'anye kalamu.