Sungura Yule Yule, Jalada Jipya

Watu hudhani adui mkubwa wa vitabu vya zamani hapa Voi ni mchwa. Mchwa namsamehe. Hula kitabu akakimaliza, nami nikajua nimefiwa. Adui hasa ni kitabu kilichopigwa chapa upya, kikavalishwa jalada jingine, kikaja kukaa rafuni kando ya pacha wake, huku mke wangu akiuliza kwa upole unaouma, "Kwani hiki si kile?"

Ninakusanya vitabu vya hadithi vya watoto, vile vyembamba vya Kiswahili vyenye picha za wino mweusi, vilivyosomwa shuleni kabla mfumo wa elimu wa 8-4-4 haujaingia mwaka 1985. Kutambua kipi ni cha kwanza na kipi ni marudio ni kazi, kwa kuwa wachapishaji wetu hawakukaa na jina moja. East African Literature Bureau ilianza 1948. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, upande wa Kenya wa Bureau hiyo ukageuka Kenya Literature Bureau. Heinemann ya Nairobi ikawa East African Educational Publishers mwaka 1992. Longman Kenya nayo ikawa Longhorn. Nembo zikahama, hadithi zikabaki palepale. Ndiyo maana jalada si shahidi wa kuaminika. Shahidi ni ule ukurasa wa maandishi madogo mwanzoni, unaosema kitabu kilitolewa kwanza lini na kikapigwa chapa tena lini. Ukikuta ISBN ya tarakimu 13 inayoanza na 978, usijisumbue: hayo ni mambo ya kuanzia 2007 au karibu na hapo, hata kama muuzaji anaapa kilikuwa cha babu yake.

Muuzaji wangu hutandika gunia karibu na steji ya matatu za Wundanyi, baina ya sandali za akala na chaja za simu. Ni mtu nadhifu. Kila asubuhi hupangusa majalada kwa kitambaa chenye maji, na vumbi la Voi likikutana na maji huwa matope, basi Sungura wote wa majaladani wana rangi ya ndovu wa Tsavo. Siku moja nilimkuta na kitabu nilichokuwa nikikisaka. Nikafungua ukurasa wangu. Hapo hapo ndipo alipoandika bei, kwa biro, kwa kukandamiza: 150. Juu ya mwaka kabisa. Nikakiinua juani, nikakigeuza, nikakichungulia kwa nyuma. Mwaka ulianza na 19. Mengine anayajua Mungu na ile biro.

"Mwalimu," akasema, "wateja wengine hufungua penye picha. Wewe mbona wafungua pasipo na hadithi?"

"Natafuta mwaka."

"Wa nini? Haya ni maziwa, yatachacha?"

Nikamwonyesha ile ISBN ya kitabu kingine kilichokuwa kando, nimweleze inavyofanya kazi. Akaitazama, akatoa simu mfukoni. "Hiyo till ya nani?"

Nikalipa. Ungefanyaje?

Jamaa zangu nao wanasaidia, na hapo ndipo msiba ulipo. Shangazi hushuka kutoka Wundanyi na mfuko wa ndizi, na chini ya ndizi pana *Hekaya za Abunuwasi*, tena. "Nimekukumbuka, mwanangu." Zawadi ya shangazi hairudishwi, na ukiishukuru sana unaletewa nyingine. Kuna rafiki aliye Taveta ambaye hunitafutia vitabu vinavyovuka mpaka kutoka Holili. Hunipigia kwa shauku, kisha hutuma picha: kidole gumba kikubwa, na nyuma yake, kwa mbali, kitabu.

Tena hata ukiikwepa chapa, hadithi huikwepi. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu huko Zanzibar, alichapisha hadithi za Waswahili jijini London mwaka 1870, na humo yumo kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini. Kima huyo nimemkuta tena katika vitabu vyenye majina tofauti kabisa, mara ni nyani, mara ni tumbili, na kila mara moyo uko mtini. Nadhani huo moyo nimeulipia zaidi ya papa mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliyeko Mwatate, Bura, Sagalla au Kasigau, ukifungua sanduku la marehemu babu ukakuta vitabu vya hadithi, nipigie picha ya ule ukurasa wa maandishi madogo, vidole vikae kando. Bei iandike kwenye karatasi nyingine. Na kama ni Abunuwasi, usinitafute. Mpe mtoto asome.